Samaki Chini ya Masizi

Msichana aliyepiga hodi hakuwa wa mtaa wa Obunga. Rosa alilijua hilo kwa viatu vyake vyeupe, ambavyo vilikuwa vimeshashindwa na matope ya njia. Alisimama mlangoni akikumbatia mkoba kifuani, kama mtu aliyeingia katika kanisa lisilo lake.

"Wewe ndiye Mama Ndimu?"

"Inategemea nani anauliza. Kama umetumwa na manispaa, Mama Ndimu amehama."

Msichana alicheka, kisha akakumbuka shida yake akaacha. Jina lake lilikuwa Kageha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Maragoli, na asubuhi hiyo alikuwa ameulizia Kondele nzima habari za mwanamke anayesafisha nyumba bila sabuni ya unga na bila dawa za chupa.

"Mama ya mchumba wangu ana pumu," alisema. "Akinusa dawa ya sakafu, kifua kinafunga. Hata vumbi la kufagia linamlaza. Kwa hivyo nyumba imekaa tu. Na kesho kutwa mama yangu anatoka kwetu Mbale kuja kuiona."

"Kuona nyumba, ama kuona kijana?"

"Kijana ameshamwona. Anasema Wajaluo wanajua Kiingereza na samaki, basi. Sasa anatafuta sababu. Akipata doa moja, mimi na yeye tunarudi Mbale na gari hilo hilo."

Rosa alimkaribisha aketi kitandani, kwa kuwa kiti kimoja alichokuwa nacho kilibeba beseni la ndimu. Chini ya kitanda kulikuwa na vyombo vyake vya kazi: debe la majivu yaliyochekechwa, magadi katika kopo la maziwa, chumvi ya mawe, magunzi makavu ya kusugulia, na chupa mbili za siki, ambayo Kisumu nzima iliiita vinega. Kazi hiyo alijifunza katika jiko la familia moja ya Kihindi kule Milimani, ambako harufu ya samaki ilichukiwa kuliko deni.

"Itakuwa siku moja ya kazi," alisema. "Na siku ya wageni nitakaa jikoni, ili vyombo visinitie aibu."

Kageha hakuinuka. "Mama, naomba uniahidi kitu kimoja. Mpaka wageni wangu waondoke, pale nyumbani kusitokee jambo la kuwapa sababu. Hata dogo."

Rosa alitaka kucheka. Watu humwomba fundi kazi, hawamwombi kiapo. Lakini msichana alikuwa bado ameukumbatia mkoba, na alikuwa mdogo, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Rosa akanyoosha mkono wake wenye majivu.

"Nimeahidi. Mpaka wageni wako waondoke."

"Asante. Ni kwa mwalimu Ochieng, Nyamasaria."

Akina Ochieng wa Nyamasaria walikuwa wengi kama mawe. Rosa hakuuliza zaidi.

*

Kesho yake, waliposhuka kwenye barabara ya Nairobi na kushika njia ya udongo, miguu ya Rosa ilijua kabla ya kichwa chake. Kona ya kwanza kulia. Kisima kilichofunikwa kwa bati. Halafu ule ua wa minyaa, na lango la mbao lenye ubao mmoja uliopinda. Aliyeupinda alikuwa marehemu mumewe, Joram, siku alipoligonga kwa mkokoteni na kucheka hadi akakaa chini.

Basi huyu mwalimu Ochieng alikuwa Dishon, mwana wa Seline, mke wa kaka yake Joram. Rosa alikuwa amembeba mgongoni. Nani angejua kwamba siku moja shule ingempa jina jingine?

Pale ilipokuwa nyumba ya Rosa na Joram palikuwa na sukuma wiki. Mbele ya hiyo mboga, kaburi la Joram lilikuwa limefunikwa na magugu.

"Mama, mbona umesimama?" aliuliza Kageha.

"Natazama mahali pa kuanzia."

Joram alikufa mwaka wa 1986. Wakati huo Rosa ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa akina mama wa kanisa. Sufuria kubwa tatu za chama, zilizopikia harusi na matanga ya upande ule wote, zililala nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alizitia alama. Sufuria za kuazimana hupotea zisipokuwa na alama, na kwa kuwa herufi zilimsumbua, alichukua msumari na jiwe akagonga samaki wa vitone chini ya kila moja. Mkia, mgongo, jicho.

Wiki ile ya matanga sufuria zilipikia waombolezaji. Wageni walipotawanyika, hazikuonekana. Seline alisimama mbele ya akina mama akasema, "Mimi sijui. Muulizeni mjane. Mtu aliyefiwa huanza kuuza kilicho karibu."

Walipekua nyumba yake, hata godoro alilofia mume wake. Hawakupata kitu, na kwao hilo lilitosha kuonyesha kwamba ameshauza. Mama Apiyo, mwenyekiti, alimvua kitambaa cheupe kichwani mbele ya watu, kile ambacho kila mama wa chama alikivaa, akakikunja akakitia kwapani. Tangu siku hiyo watoto wa Nyamasaria walimwita Rosa Sufuria. Walimwimba njiani. Kabla mvua ndefu hazijaja, shemeji yake, mume wa Seline, aliyang'oa mabati ya nyumba, na Rosa akaondoka na nguo zake ndani ya gunia.

Tangu hapo hakuna kitu alichokiomba kwa Mungu kwa bidii kama siku moja ya kumwona Seline akivuliwa mbele za watu.

*

Seline alitoka nje akishikilia mwimo wa mlango. Alikuwa amekonda, na pumzi yake ilisikika kabla ya sauti yake. Alimtazama Rosa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, huyu ndiye fundi," alisema Kageha. "Hatumii dawa hata tone. Mnajuana?"

"Tulizika pamoja," alisema Rosa.

Kageha alipoingia ndani kutoa viti, Seline alisogea karibu. "Rosa Sufuria. Nani amekuonyesha njia ya hapa?"

"Mkwe wako. Mfukuze kazi, nyieka."

Nyieka ndivyo wake wa ndugu wa Kijaluo wanavyoitana, na neno hilo limetoka tumbo moja na neno la wivu. Seline alilisikia lote, lakini hakuweza kumfukuza fundi bila kumwambia msichana kwa nini.

"Fanya ndani tu," alisema. "Hizo sufuria za jikoni la nje usiguse. Masizi yake yanashika moto vizuri."

Rosa alianza na majani ya chai. Alichukua makapi yenye unyevunyevu, akayatawanya sakafuni, akafagia polepole, na vumbi likajikusanya ndani yake badala ya kuruka. Seline alikuwa ameketi kitandani akisubiri kukohoa. Hakukohoa. Ukuta uliojaa moshi wa taa ya chemni Rosa aliuosha kwa magadi na maji moto. Madirisha aliyapangusa kwa siki na gazeti kuukuu. Meza iliyokatiwa samaki miaka yote aliisugua kwa chumvi na ndimu mpaka ikanuka mti tena. Kageha alimfuata chumba kwa chumba, mikono ya gauni ameikunja.

"Na sufuria? Tunatumia magadi pia?"

"Magadi kwa sufuria hapana, mwanangu. Humeza mng'ao wote, ibaki nyeusi kama kifuniko cha choo. Sufuria ni majivu na ndimu."

Katika choo, kwenye rafu, Rosa aliikuta chupa ya dawa kali ya madoa, zawadi ya mtu asiyejua habari za pumu. Haikuwa imefunguliwa. Aliishika kwa muda. Kikombe kimoja tu katika maji ya sakafu, mlango ufungwe. Aliirudisha mahali pake. Hapana. Hiyo ingemuua Seline bila kumwaibisha.

Mchana, Seline akiwa amelala, Kageha alitoka jiko la nje akiburuta sufuria tatu kubwa, gauni limejaa masizi.

"Mama alisema zisiguswe," alisema Rosa.

"Mama ananionea huruma, hataki nichoke. Lakini huyo mama yangu hukagua jikoni kabla hajaketi. Akiona hizi, tumekwisha."

Akamwachia, akaenda kisimani.

Rosa alikaa chini kwenye kigoda, akaipindua ya kwanza. Masizi yalikuwa mazito kama gome la mti. Akayalainisha kwa maji, akachovya gunzi katika majivu, akakamulia ndimu, akaanza kuzungusha. Alisugua kwa hasira ya kawaida ya kazi, mpaka vidole vyake vikakutana na vitone.

Mkia kwanza. Halafu mgongo. Halafu jicho, lile jicho alilolikosea, likakaa karibu mno na mdomo.

Alisugua ya pili, akasugua ya tatu, na samaki wakatoka mmoja baada ya mwingine kwenye weusi, wanang'aa. Seline hakuwa amewahi kuziuza. Alizipikia. Alikaa juu ya jina la Rosa akikoroga ugali, na kila siku moto ukilifunika zaidi.

Rosa alicheka peke yake, kicheko kidogo kikavu. Kesho, kama alivyosema Kageha, akina mama wa kanisa wangekuja kuimba na kusaidia kupika. Wangepita langoni, mbele ya uchaga wa vyombo, na Mama Apiyo angekuwa wa kwanza. Sufuria hukaushwa zimepinduliwa. Rosa hangehitaji kusema neno.

Akawapaka samaki majivu mabichi ili wasionekane mapema, akalala fofofo usiku huo jikoni, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

*

Asubuhi sufuria mbili zilikuwa motoni, moja ya kuku, moja ya ngege, samaki wa ziwani. Ya tatu ilikuwa juu ya uchaga, imepinduliwa, imefunikwa gunia. Seline alitoka kutazama kuku akaiona.

"Hiyo ni nini?"

Rosa aliondoa gunia, akafuta majivu kwa kiganja. "Unamkumbuka huyu?"

Seline alishika nguzo ya jikoni. Kifua chake kilianza kupiga filimbi.

"Nyieka..."

"Usiniite hivyo."

"Nilitaka uaibike kidogo tu. Joram alikuwa amekuezekea mabati mapya, mimi nalala chini ya nyasi, na mimi ndiye mke wa mkubwa. Nilisema nitazificha, halafu niseme zimepatikana. Ndipo Apiyo akakuvua kitambaa. Wote wakanigeukia. Ningesema nini?"

"Ungesema."

Seline alitafuta pumzi. "Rosa, leo si siku. Wakijua mama ya Dishon ni mwizi, wanamchukua msichana wao. Nitasema siku nyingine. Naapa."

"Ulikuwa na siku nyingine kila siku. Leo Apiyo akiingia langoni, utasema mwenyewe. Usiposema, samaki atasema."

Gari lilisikika barabarani. Seline alirudi ndani akijikokota, na Rosa akabaki na gunia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu jana, ahadi yake ilimjia, ikasimama mbele yake na viatu vyeupe. Akaisukuma. Aliahidi akiwa Obunga, kwa mtu asiyemjua, kabla ya kujua ni nyumba ya nani. Ahadi ya namna hiyo ina uzito gani?

Mama yake Kageha alishuka, mwanamke mfupi mwenye mwavuli, Dishon akimbebea kikapu. Hakungoja kukaribishwa. Kutoka jikoni Rosa aliwasikia wakipita chumba kwa chumba, hatua, kimya, hatua. Halafu Kageha akaja akikimbia, mkono mdomoni.

"Amepitisha kidole dirishani, akakinusa! Akasema, 'Nyumba hii haina harufu ya kitu.' Mama, kwake hiyo ni sifa. Amekubali kuvua viatu!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alimshika Rosa mikono yote miwili, na majivu yake. "Ulisema, na umefanya. Bado kidogo tu. Bado wageni hawajaondoka."

Akarudi ndani. Na wakati huohuo, nyuma ya ua wa minyaa, wimbo ulianza. Vitambaa vyeupe vilionekana juu ya ua, vikija kwa safu, na mbele yao sauti nene ya Mama Apiyo.

Samaki alikuwa juani, anameta. Rosa aliweza kuhesabu vitone vyake kutoka aliposimama.

Alijua wangeona. Alijua kelele itakayofuata, na Seline akivutwa nje, na kitambaa kikitoka kichwani kwake kama cha Rosa kilivyotoka. Alijua pia mwanamke mwenye mwavuli angevaa viatu vyake na kumrudisha Kageha Mbale.

Kwenye jiko palikuwa na kopo la magadi yaliyochemshwa kwa ajili ya ukuta wa nyuma. Rosa aliishusha sufuria, akaimwagia magadi moto chini, akaona mng'ao ukififia, ukawa kijivu, ukawa mweusi. Akachota masizi kwenye jiwe la jiko kwa mikono yake, akayapaka, akayasugua ndani ya vitone, mkia, mgongo, jicho. Alikuwa akilia, na alimtukana Seline kwa Kijaluo, polepole, tusi moja kwa kila kiganja cha masizi. Halafu akaipindua, akaijaza maji, akaiweka motoni.

Lango lilifunguka.

"Yawa!" Mama Apiyo alisimama, wimbo ukakatika. "Si huyu ni Rosa Sufuria? Seline! Umemweka huyu jikoni? Hesabuni vijiko!"

Wanawake walicheka. Mlangoni mama yake Kageha alikuwa ametoka kuwaona waimbaji, Seline nyuma yake. Rosa alimtazama Seline machoni. Alimpa muda. Seline alitazama vidole vyake vya miguu.

"Kwa nini wanakuita Sufuria?" aliuliza mgeni.

Kageha alikuwa amekauka mlangoni.

"Kwa sababu nazisafisha vizuri, mama," alisema Rosa.

Yule mwanamke alikuja hadi jikoni. Aliinama juu ya ile sufuria ya maji, akaona uso wake ndani.

"Ni kweli," alisema. "Mtu anaweza kujitengenezea nywele humu."

*

Walikula. Kuku alisifiwa, na firigisi, nyama ya heshima, ikaenda kwa aliyestahili. Alasiri akina mama wa kanisa walisema wana matanga upande wa Kibos, hawawezi kukaa. Wageni wa Mbale walikuwa bado ndani na chai yao. Rosa aliviona vitambaa vyeupe vikipita langoni kimoja kimoja. Kutoka jikoni hadi pale si mbali. Angeweza kuishika sufuria, kuimwaga, kuwafuata akipiga mayowe. Angeweza hata kutembea.

Alikaa kwenye kigoda. Kitambaa cha mwisho kilikuwa cha Mama Apiyo, na kilipotea nyuma ya minyaa.

Seline alitoka na kikombe cha chai mikono miwili, kama mtu anayempelekea mkwewe. Rosa hakukipokea. Seline alikiweka chini.

"Hukusema," alinong'ona. "Kwa nini?"

"Niliahidi mtoto wa watu. Mpaka wageni wake waondoke."

"Na baada ya hapo?"

Rosa aliingiza ukuni mpya chini ya sufuria. Moshi ulipanda, ukalamba mahali alipokuwa yule samaki.

"Wewe sikukuahidi kitu," alisema.

Seline alisimama pale, kifua kikipiga filimbi. Ndani, mama yake Kageha alicheka jambo alilolisema Dishon, kicheko kirefu cha mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote, kisha akaita akiuliza kama kuna chai nyingine.

Rosa akaongeza maji.